Kupanda ni Jasho, Kushuka ni Akili



Ukiwaona watu wawili kwenye kilima, mmoja anaisukuma baiskeli kupanda, mwingine ameikalia anashuka, utamhurumia yupi? Wengi wetu tutamhurumia yule anayesukuma. Anatoka jasho, anahema, mgongo umepinda. Anayeshuka tunamwona amestarehe. Upepo unampiga kifuani, miguu imetulia, wala hakanyagi pedeli.

Somo la leo linasema kwamba tumemhurumia asiyestahili. Anayesukuma akichoka, atasimama. Je, anayeshuka akitaka kusimama, ataweza?

Ili kulijibu swali hili tutakwenda mbali kidogo, mpaka Ulaya, kwenye milima ya Alpi. Huko watu huendesha baiskeli milimani kwa kujifurahisha, kandokando ya maziwa na ndani ya mabonde. Hawabebi ndizi wala mkaa. Lakini mlima ni mlima, na yale waliyojifunza juu ya kushuka yanamfaa pia mtu mwenye gunia kwenye keria.

ALPI NI WAPI?

Alpi ni safu ndefu ya milima, yenye urefu wa kama kilomita 1,200. Inapita katika nchi kadhaa: Ufaransa, Italia, Uswisi, Austria na nyingine. Mlima wake mrefu kuliko yote, Mont Blanc, una mita 4,800 na kitu. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, kwa hiyo tunawapita. Lakini Kilimanjaro umesimama peke yake, na Alpi ni milima mingi iliyoshikana, na katikati yake mna mabonde marefu yenye vijiji, ng'ombe, reli na maziwa.

Leo tutalitazama bonde moja tu, linaloitwa Engadin. Liko mashariki mwa Uswisi. Mto wa bonde hili unaitwa Inn. Sehemu ya juu ya bonde ina maziwa yaliyopangana kama shanga kwenye uzi: Ziwa Sils, Ziwa Silvaplana, ziwa dogo la Champfèr, halafu ziwa la mji wa St. Moritz.

Ziwa Sils liko mita 1,797 juu ya usawa wa bahari. Linganisha na Ziwa Viktoria, ambalo liko mita 1,134 hivi. Kwa ukubwa, usililinganishe! Ziwa Sils lina urefu wa kama kilomita 5 tu. Wakati wa baridi uso wa maziwa haya huganda ukawa mgumu kama sakafu, na watu hutembea juu yake. Kwenye ziwa la St. Moritz hushindanisha hata farasi juu ya barafu. Mtu akikuambia ameona farasi wakikimbia juu ya ziwa, usimwite mwongo kabla hujamwuliza ni wapi.

Baiskeli huanza kupita vizuri njia za juu theluji ikishayeyuka, kama mwezi wa Juni, na mwisho ni karibu Oktoba.

NJIA YA MAZIWA NA UPEPO WAKE

Njia ya kwanza ni rahisi. Inatoka St. Moritz, inapita kando ya maziwa mpaka kijiji cha Maloja, mwisho wa Ziwa Sils. Ni kama kilomita 17. Maziwa hayapishani sana kwa kimo: lile la St. Moritz liko mita 1,768 na lile la Sils mita 1,797. Hesabu mwenyewe tofauti. Ni mita 29 tu. Kwa hiyo mtu mzima asiye na mazoezi anaweza kwenda, mradi ajue habari ya upepo.

Siku za jua, kuanzia kama saa sita mchana, upepo mkali huvuma kutoka Maloja kwenda St. Moritz. Wenyewe wanauita upepo wa Maloja, na mabaharia wa mashua za tanga wanaupenda. Jambo la ajabu ni upande unaotoka. Mabonde mengi ya milimani mchana huvuta upepo kutoka chini kwenda juu. Huu wa Engadin unavuma kutoka juu ya bonde kwenda chini. Sababu ni kwamba bonde halina ukuta huko mwisho wake. Pale Maloja ardhi inakatika ghafla, na ng'ambo yake kuna bonde jingine, Bregaglia, lililo chini sana. Hewa yenye joto inapanda kutoka Bregaglia, inafika Maloja, haikuti mlima wa kuizuia, basi inamwagikia upande wa pili.

Anayejua hili huondoka St. Moritz asubuhi kukiwa kimya, na kurudi mchana upepo ukimsukuma mgongoni. Asiyejua hufanya kinyume. Anasukumwa na upepo akiondoka Maloja, anajiona shujaa, halafu jioni anapambana nao kilomita 17.

Juu ya Maloja kuna njia nyingine, ya mawe na mwinuko mkali, ya miguu zaidi kuliko ya baiskeli. Inakwenda kwenye ziwa dogo la Lunghin, lililo mita 2,484. Hapo ndipo mto Inn unapoanzia. Ukiendelea kupanda unafika kwenye pengo la mlima, mita 2,645. Mvua ikinyesha juu ya pengo hilo, maji yanagawanyika mara tatu. Mengine yanaingia mto Inn, kisha mto Danube, hadi Bahari Nyeusi. Mengine yanaingia mto Rhine hadi Bahari ya Kaskazini. Mengine yanateremka Italia, yanaingia mto Po, hadi bahari ya Adriatiki. Matone matatu yaliyoanguka hatua chache toka moja hadi jingine, na hayataonana tena.

ZIWA JEUPE NA MTEREMKO WAKE

Sasa tunaingia kwenye shabaha ya somo.

Kusini ya St. Moritz kuna njia ya kuvuka mlima iitwayo Bernina. Juu yake kuna maziwa mawili jirani. Moja linaitwa Lago Bianco, maana yake Ziwa Jeupe. La pili linaitwa Lej Nair, maana yake Ziwa Jeusi. Jeupe linapata maji ya barafu inayoyeyuka, yenye unga laini wa mawe yaliyosagwa na barafu hiyo, ndiyo maana linaonekana kama limetiwa maziwa. Kati ya maziwa haya kuna kipande kidogo tu cha ardhi na ukuta wa bwawa, lakini maji ya Jeupe yanakwenda Adriatiki na ya Jeusi yanakwenda Bahari Nyeusi.

Kando ya Ziwa Jeupe pana kituo cha reli, mita 2,253. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 na inafanya kazi mpaka leo. Treni zake hubeba na baiskeli. Mtu anaweza kupanda treni mpaka juu, akashusha baiskeli yake, akateremka nayo mpaka mji wa Poschiavo, ulio mita 1,014. Ameshuka zaidi ya mita 1,200 katika safari moja. Njia inapita kwenye mawe, mizizi ya miti na kona kali. Huko juu pana barafu na upepo wa baridi, huko chini watu wanapalilia bustani. Akitaka atashuka zaidi mpaka Ziwa Poschiavo, kisha jioni treni itamrudisha.

Mtu huyu hakutoka jasho kupanda. Je, amepata safari ya bure?

Hapana. Kila mita aliyoshuka inalipwa na breki.

JOTO LINAKWENDA WAPI?

Paka mikono yako miwili vumbi kidogo, uisugue kwa nguvu. Inapata joto. Breki nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Raba inasugua chuma, mwendo unapungua, na badala ya mwendo linatokea joto. Breki haiwezi kuuondoa mwendo ukapotea hivi hivi tu. Inaubadili kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali.

Ni joto kiasi gani? Mwendesha baiskeli wa Bernina, yeye na baiskeli yake, tuseme ni kilo 90. Akishuka mita 1,240 kutoka kituo cha juu mpaka Poschiavo, uzito wake unatoa nguvu ya kutosha kuchemsha lita 3 za maji, kutoka maji ya kawaida ya mtungini mpaka yatokote. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo na kusuguana kwa tairi na ardhi. Inayobaki inaingia kwenye breki.

Tuje kwako sasa. Wewe kilo 70, baiskeli kilo 20, mzigo kilo 60. Jumla kilo 150. Kilima chako kina mita 300 tu. Hapo napo kuna joto la kuchemsha lita moja ya maji na zaidi, na breki yako ni vipande vinne vya raba, kila kimoja kama kidole gumba. Ndiyo maana ukifika chini unasikia harufu ya kuungua. Rimu ikipata moto sana, kiraka cha ndani kinaweza kubanduka gundi, na tairi ikaisha upepo wakati unauhitaji kuliko wakati wowote.

Hata hizi baiskeli za milimani, historia yake ilianza na breki iliyoungua. Si Alpi, ni Marekani, katika jimbo la California. Miaka ya sabini vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu, nzito, za miaka ya thelathini na arobaini, wakawa wanashindana kuteremka mlima karibu na mji wa Fairfax. Njia yao ilishuka kama mita 400 katika kilomita zisizofika 4. Baiskeli nyingi kati ya hizo zilikuwa na breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayoshika ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Kitovu kilipata moto mpaka grisi ikayeyuka na kutoa moshi. Kila baada ya kushuka ilibidi kukifungua na kukijaza grisi upya. Kwa Kiingereza kujaza upya ni kama kusema "repack", na njia ile ikapewa jina hilo. Shindano la kwanza la Repack lilifanyika tarehe 21 Oktoba, 1976. Mwaka uliofuata, mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Baiskeli za aina hiyo zikaenea duniani, na mwaka 1996 zikaingia katika michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Siku hizi baiskeli nzuri ya milimani ina sahani nyembamba ya chuma katikati ya kila gurudumu. Breki inaibana sahani hiyo badala ya kubana rimu. Sahani inapata moto sana, wala usiiguse kwa kidole mwenzako akifika chini, lakini iko mbali na tairi, iko mbali na tope, na upepo unaipoza.

Nyingine zina mota ndogo ya umeme. Inamsaidia anayekanyaga mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kisha inaacha kumsaidia. Wazee wanaipenda, na mimi siwalaumu. Lakini imeleta tatizo lake. Zamani aliyefika juu ya mlima kwa baiskeli alikuwa amezoea, maana miguu isingemfikisha bila mazoezi. Sasa mota inaweza kumfikisha mtu juu siku yake ya kwanza, na baiskeli yenyewe ni nzito zaidi. Mota ya kupandia ipo. Ya kushukia haipo.

WANASHUKAJE?

Mwalimu wa baiskeli huko Alpi humfundisha mgeni kwanza kusimama, kabla ya kumwonyesha kona hata moja.

Jambo la kwanza ni kukata mwendo mapema. Mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kusimama unaongezeka mara 4, kwa breki ile ile. Soma tena sentensi hiyo. Kama ulikuwa unasimama ndani ya mita 5, sasa utahitaji mita 20, na huenda mtoto yuko mita 10 mbele yako. Kwa hiyo anayeshuka hangoji aone hatari. Anashika breki wakati mwendo bado mdogo, anaachia kidogo, anashika tena. Akiona kona, anapunguza mwendo kabla ya kuiingia. Kushika breki kwa nguvu katikati ya kona yenye changarawe ni kujiangusha mwenyewe.

La pili ni breki zote mbili. Hapa tuna ubishi mkubwa vijijini. Wengi wanaiogopa breki ya mbele, na wengine wameing'oa kabisa. "Itanirusha juu ya usukani," wanasema. Ni kweli, itakurusha ukiikamata ghafla. Lakini kwenye mteremko uzito wa mtu unaelemea mbele, na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi. Ukishika ya nyuma peke yake, gurudumu linafunga na kuteleza, na baiskeli inaendelea kwenda. Ya mbele ndiyo inayosimamisha. Basi ishike taratibu, pamoja na ya nyuma, huku umesogeza makalio nyuma na umeinama kidogo. Mzigo ukiwa kwenye keria, gurudumu la nyuma linapata uzito na linashika zaidi. Hiyo si sababu ya kuing'oa ya mbele. Kilo 60 zinazokusukuma zinahitaji kila breki uliyo nayo.

Mvua ni habari nyingine. Raba ya breki ikikutana na rimu ya chuma iliyolowa, inateleza kama kambale mkononi. Unabana, na baiskeli inakwenda. Wenye breki za sahani wanapata nafuu. Sisi wenye breki za fito, kwenye mteremko wa maana wakati wa mvua dawa ni moja: shuka, tembea. Watakaokucheka ni wale wale watakaobeba machela.

Na njia ikiwa ndefu, wanapumzika katikati. Wanasimama dakika kadhaa breki ipoe yenyewe. Wakati huo wanatazama ziwa. Wewe tazama raba zako zimebaki kiasi gani. Zikiwa zimelika mpaka karibu na chuma, safari ya baiskeli imekwisha hapo, inayobaki ni ya miguu.

NJIA NAYO INAUMIA

Gurudumu lililofunga na kuteleza linachora mfereji mwembamba kwenye njia. Mtu mmoja si kitu. Wakipita mia, mfereji unakuwa wa kina. Mvua ikinyesha, maji yanaupata mfereji ule na kuufuata moja kwa moja kuteremka. Yanachukua udongo, yanaacha mawe. Mkulima wa milimani haitaji kuelezwa zaidi, korongo lote lilianza hivyo.

Kwa hiyo watunza njia za Alpi hulaza magogo au mawe mshazari kukatiza njia, ili maji yatolewe pembeni kabla hayajapata nguvu. Njia mpya wanazichimba zikizunguka mlima kwa mteremko mdogo, haziteremki wima. Ni maarifa yale yale ya makinga maji shambani.

Tena njia si ya baiskeli peke yake. Ina watembea kwa miguu, nao wanapewa nafasi kwanza. Ina ng'ombe pia, maana wakati wa kiangazi mifugo hupelekwa malisho ya juu. Ukikuta lango la uzio umelifunga, unafungua, unapita, unalifunga tena. Ng'ombe mwenye ndama anapitwa kwa mbali na polepole, hapigiwi kengele. Na kuna mahali baiskeli haziingii kabisa. Chini zaidi katika bonde lile la Engadin kuna Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914. Katika njia zake za miguu baiskeli ni marufuku.

Mwaka 2018 wananchi wa Uswisi walipiga kura kuamua kama njia za baiskeli ziingizwe kwenye katiba ya nchi. Zaidi ya asilimia 73 walisema ndiyo. Sheria ya kutekeleza jambo hilo ilianza kutumika mwaka 2023. Wale wenye magari mengi, treni nyingi na fedha nyingi waliona baiskeli inastahili kuandikwa kwenye katiba.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mshazari: si wima wala si mlalo, umekaa upandeupande.
Kitovu cha gurudumu: sehemu ya katikati ambako spoku zote zinashikiliwa.
Rimu: duara la chuma linalobeba tairi.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ziwa Jeupe liko mita 2,234. Ziwa Poschiavo liko mita 962. Anayetoka la kwanza mpaka la pili ameshuka mita ngapi?

2. Kwa nini anayetaka kwenda Maloja kwa baiskeli aondoke St. Moritz asubuhi?

3. Baiskeli ilisimama ndani ya mita 3. Mwendo umeongezeka mara 2. Sasa itahitaji mita ngapi?

4. Kesho asubuhi kila mmoja aje na baiskeli yake. Zigeuzeni, magurudumu juu. Hesabuni ngapi zina breki ya mbele, ngapi zina ya nyuma, na ngapi hazina hata moja. Andikeni majibu ubaoni.

5. Ni mteremko upi karibu na kijiji chenu ambao mtu mwenye mzigo anapaswa kuushuka kwa miguu? Nani atawaambia vijana?